Seva sita nazo zinahitaji Ansible

Mafundi wengi wa mitambo Kisumu wanaiona Ansible, programu inayopanga seva nyingi kutoka faili moja ya maagizo, kama zana ya wenye seva mia. Mwenye sita kwenye chumba kimoja Milimani anaingia, anaweka chrony, programu ya kusawazisha saa, anataja seva za saa, na chai haijapoa.

Hawajakosea kuhusu kazi ya siku hiyo. Tatizo ni siku zinazofuata. Seva ya nne inaharibika diski, kijana wa zamu anaijenga upya Ijumaa jioni, chrony inasahaulika. Ubuntu huja na kisawazishi chake, ndiyo, ila hutafuta saa kwenye intaneti, na seva ya ndani iliyozuiwa kutoka nje haina wa kumuuliza.

Fuwele inayoendesha saa ikipotoka kwa sehemu 20 katika milioni, jambo la kawaida kabisa, ni sekunde 1.7 kwa siku. Nani ataziona? Mwezi ukiisha zimekuwa kama 52, na zile namba za kuingilia zinazobadilika kila sekunde 30 zinaanza kukataliwa. Kabla ya miezi sita umevuka dakika 5, ambazo ndizo Kerberos, mfumo wa kuthibitisha watumiaji, huvumilia isipobadilishwa, na huduma za seva hiyo zinamkataa kila mtu. Fundi atabadilisha nywila, atachomoa kebo, atazima ruta na kuiwasha. Saa ataikumbuka mwisho, maana ukiitupia jicho inaonekana sawa tu. Ansible ikipangiwa kupita kila usiku, ingeirudisha chrony kabla ya Jumamosi kupambazuka.

Wanaoiogopa wana hoja moja nzito: faili moja ikikosewa, kosa linafika kote kwa mpigo. Tena kuna jambo ambalo hata watetezi wake huliruka. Katika faili ya mipangilio ya chrony, mstari wa makestep 1.0 3 huiruhusu kurusha saa katika masahihisho matatu ya kwanza tu. Baada ya hapo huivuta polepole. Lakini Ansible ikibadilisha faili hiyo kisha ikaiwasha chrony upya, ruhusa hiyo inaanza tena, na saa ikirudi nyuma ghafla hifadhidata ikiwa kazini, mpangilio wa miamala unavurugika. Kwa hiyo weka serial: 1 ili Ansible ishughulikie seva moja moja, anza na seva isiyo na hifadhidata, na utaje vyanzo vinne vya saa. Vikiwa viwili vikatofautiana, chrony haina namna ya kujua kipi kinadanganya.