Wepesi wa Prosecco uko kwenye mvinyo au kwenye glasi?

Malindi ni mji ambao Waitaliano wamekaa miaka mingi kiasi kwamba hata vijana wa ufukweni wanataniana kwa Kiitaliano, kwa hiyo kuikuta Prosecco kwenye menyu ya hoteli si ajabu. Jumamosi moja tulikaa mezani watu wanne. Rafiki yangu akaisukuma kando chupa ya bia aliyoletewa, akamwambia mhudumu, "Kaka, mimi nimeanza dayati. Tuletee Prosecco, ile haina kalori." Ikaja. Povu likapanda hadi ukingoni mwa glasi, mhudumu akasubiri litulie, akaongeza tena.

"Haina kalori" ni kutia chumvi, na mwenyewe anajua. Ila chini ya chumvi hiyo kuna hoja inayostahili kupimwa: kwamba mvinyo huu wa Kiitaliano wenye mapovu ni mwepesi kuliko vinywaji vingine vya kileo.

Prosecco hutoka kaskazini mashariki mwa Italia, Veneto na Friuli Venezia Giulia, na angalau asilimia 85 yake lazima iwe zabibu ya Glera. Mvinyo ukishachacha mara ya kwanza huingizwa kwenye tangi la chuma lililofungwa, ukatiwa sukari na hamira, ukachacha mara ya pili. Hamira inakula sukari, inatoa kileo na gesi. Gesi ndiyo mapovu, na haina kalori hata moja. Sukari iliyoliwa nayo haipo tena. Kinachobaki kuwa kitamu ni sukari ambayo mtengenezaji ameamua iwepo.

Sasa hesabu. Gramu moja ya sukari ina kalori 4, gramu moja ya kileo ina 7. Glasi ya kawaida ya Prosecco ni mililita 125, na nguvu yake ni kama asilimia 11, yaani karibu gramu 11 za kileo. Hizo peke yake ni kalori 76. Ikiwa ni ya aina ya Brut yenye gramu 10 za sukari kwa lita, glasi ile ina gramu moja na robo tu ya sukari, kalori 5. Jumla 81.

Hapo wanaoitetea wana haki ya kutabasamu. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 inapita kalori 200. Glasi kubwa ya mvinyo mwekundu, mililita 175 kwa asilimia 13.5, inapita 130. Kopo la kola la mililita 330 ni karibu 140, na hilo halilevyi mtu. Hata kikombe cha chai chenye mililita 100 za maziwa na vijiko viwili vya sukari kinakaribia 95. Anayekunywa glasi moja ya Prosecco akaishia hapo, kwa kweli amekunywa kidogo.

Tatizo ni kwamba tumelinganisha vyombo, hatukulinganisha vinywaji. Ukiuliza kila gramu 10 za kileo zinakuja na kalori ngapi, picha inabadilika. Prosecco Brut inatoa kama 75. Mvinyo mwekundu mkavu, yaani usio na utamu, uko chini kidogo ya hapo, na jini tupu ni 70. Bia ndiyo inayobaki nyuma kweli, zaidi ya 100, kwa sababu ya wanga wa nafaka. Kwa hiyo Prosecco inaishinda bia, lakini mvinyo mwekundu haiushindi. Inaonekana kuushinda kwa sababu inamiminwa kwenye glasi nyembamba. Kwa maoni yangu hilo si jambo la kudharau. Glasi ndogo ni breki halali. Ila ni sifa ya glasi.

Kinachonikera zaidi ni majina ya kwenye lebo. Mtu akiona Extra Dry anadhani ameshika ile kavu kuliko zote. Sivyo. Brut ina sukari hadi gramu 12 kwa lita, Extra Dry inaanzia 12 hadi 17, na ile inayoitwa Dry tu inafika 32. Majina yanapotosha. Lakini nikiwa mkali kwa lebo, lazima pia niseme kwamba kwa kalori udanganyifu huo ni mdogo: kati ya Brut ya gramu 12 na Dry ya gramu 32, tofauti kwa glasi ni gramu mbili na nusu, kalori 10. Hata kijiko cha chai hakijai.

Ndiyo maana biashara ya kuuza Prosecco "isiyo na sukari" kwa watu wanaojali kiuno hainishawishi. Inaondoa kalori 5 na kuziacha 76. Umoja wa Ulaya ulishaziba mwanya huo kwa sehemu: kinywaji chenye kileo kinachozidi asilimia 1.2 hakiruhusiwi kudai manufaa ya kiafya, na tangu Desemba 2023 mvinyo mpya lazima utaje kalori zake. Zinaandikwa kwa mililita 100, kipimo ambacho hakuna anayekinywa, lakini ni afadhali kuliko kimya cha zamani.

Hata utamu wa wazi unadanganya kwa upande mwingine. Moscato d'Asti, mvinyo mtamu wa Piemonte huko huko Italia na binamu yake Prosecco, ana kileo cha asilimia 5 na kitu tu. Ungemdhania mwepesi. Lakini akiwa na gramu 110 za sukari kwa lita, glasi ileile inafika kalori 93. Nusu ya kileo, na bado amempita Brut.

Kuna na suala la mapovu yenyewe. Jaribio moja dogo lililofanyika Uingereza mwaka 2003, la watu 12, liliona shampeni yenye gesi ikipandisha kileo kwenye damu haraka kuliko ileile iliyotolewa gesi. Watu 12 ni wachache mno kujengea hoja, lakini aliyewahi kunywa glasi ya harusi bila kula hatabisha sana. Na tumbo likishachangamka, sahani ya viazi vya kukaanga iliyo katikati ya meza haiogopwi tena na mtu. Hesabu yangu haikuzigusa kalori za viazi hivyo.

Pale Malindi niliigeuza chupa. Extra Dry, asilimia 11. Chupa nzima ya namna hiyo, mililita 750, ni karibu kalori 500. Kila glasi ilipokaribia nusu mhudumu alijaza, kwa hiyo hakuna aliyehesabu, na waliokuwa wakiinywa ni wawili. Waliimaliza. Hiyo ni 250 kwa kila mmoja, na bia aliyoisukuma rafiki yangu, ya 200 na ushee, bado ilikuwa pale pale mezani, imeshapata moto.