Kurithi sio kila kitu

Kwenye makala yenu ya ugonjwa wa akili, hapo mnaposema kichaa kikishaingia kwenye ukoo basi na watoto wamekwisha, hapo mmekuza mambo, maana hata mapacha wa kufanana wenye vinasaba vilevile, mmoja akipata skizofrenia, yaani huo ugonjwa wa akili wa kusikia sauti zisizokuwepo, mwenzake anaipata kama nusu ya mara zote au pungufu, sasa ingekuwa kurithi peke yake si wangeugua wote? Mzazi mmoja akiwa nayo, hatari ya mtoto ni kama 10 kwa 100, watu wengine ni kama 1 kwa 100, kwahiyo ipo siikatai ila wengi wanabaki wazima. Mi nakaa Kirumba huku Mwanza karibu na mwaloni, soko la samaki, kuna familia baba yao kaumwa miaka mingi tu, watoto wake wako poa wanauza dagaa zao, aliyeugua ni yule wa mwisho, alikopa hela ya injini ya boti, nyavu zikaibiwa ziwani, wadai kila siku mlangoni, halali usiku, akajitupa kwenye bangi ndo akaanza kusikia sauti. Na hiyo bangi mwandishi hajaigusa kabisa wakati kwa mtu mwenye asili hiyo ndo inaamsha ugonjwa haraka! Sasa watu wakisoma hivi watazidi kukataa kuoa kwenye hizo koo, na Usukumani huku tunavyochunguza ukoo kabla ya kupeleka ng'ombe wa mahari mnatujua. Halafu tukiwa bado kwenye mambo ya akili, wale waliopoteza ndugu kwenye kivuko cha MV Nyerere kilichozama Ziwa Victoria 2018, zaidi ya watu 200 wale, kuna mtu wa Ukara au Ukerewe humu anajua kama walipata ushauri nasaha baada ya mazishi?