Vibarua wa miaka kumi: hofu ya mwajiri wa Mombasa na kifungu cha 37

Asubuhi na mapema, kwenye mageti ya magodauni ya Shimanzi, watu hujaa wakimngoja nyapara aite majina. Wengi hawakuja kubahatisha. Nyapara anawajua mpaka majina ya utani, anajua nani hodari wa kupanga magunia ya chai na nani ana mgongo mbovu, maana amekuwa akiwaita miaka nenda miaka rudi. Kwenye vitabu vya kampuni, kila mmoja wao ni kibarua aliyeanza kazi leo.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 haiikubali hesabu hiyo. Kibarua kwa mujibu wake ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mkupuo mmoja. Akifanya kazi siku mfululizo zikafika mwezi, kifungu cha 37 kinamhesabu kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi, mwenye haki ya notisi ya siku 28. Akipita miezi miwili anastahili masharti ambayo angepata lau hangeanza kama kibarua, ikiwemo likizo. Siku ya mapumziko baada ya siku sita za kazi haikatizi hesabu, wala sikukuu.

Basi ujanja unaotumika ni mwajiri kuikatiza hesabu hiyo mwenyewe. Mwezi ukikaribia kuisha, mtu anaambiwa apumzike kidogo, atapigiwa simu. Akirudi, anaanza upya.

Waajiri wana hoja, na si ya kubeza. Kazi ya bandarini na magodauni inafuata meli, na meli haifuati kalenda ya mwenye godauni. Hoteli za Nyali na Bamburi hujaa Disemba, kisha masika ya Aprili hadi Juni vyumba vinabaki vitupu. Kumwambia mwenye biashara kama hiyo aajiri watu hamsini wa kudumu ni kumtaka alipe mishahara kwa fedha ambazo hazijaingia.

Ila wengi wao husingizia makato, na hapo siwafuati. Kima cha chini cha mfanyakazi asiye na ujuzi maalumu mjini Mombasa, kilichowekwa Novemba 2024, ni shilingi 16,113.75 kwa mwezi bila marupurupu ya nyumba. Juu ya mshahara huo mwajiri anaongeza asilimia 6 ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba na shilingi 50 za NITA (mamlaka ya mafunzo ya viwandani): karibu shilingi 1,260. Asilimia 2.75 ya bima ya afya inatoka kwa mfanyakazi. Hakuna godauni litakalofungwa kwa shilingi 1,260.

Kinachoogopwa hasa ni siku ya kuachana. Kwa mwajiriwa, kifungu cha 41 kinadai aelezwe kosa na asikilizwe mbele ya mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Mwajiri akiruka hatua hiyo, mahakama inaweza kuamuru fidia ya hadi mishahara ya miezi 12, yaani hadi shilingi 193,365 kwa mtu wa kima cha chini. Mara hamsini, hiyo ni kesi ya kumtoa mtu usingizini.

Lakini sheria hiyohiyo imeacha mlango ambao wengi hawaupiti. Mkataba wa muda maalumu, wa msimu wa Disemba hadi Machi tuseme, hukoma tarehe yake ikifika, na mahakama za Kenya zimeshikilia mara nyingi kwamba mwajiri halazimiki kutoa sababu ya kutouhuisha, mradi hakumpa mfanyakazi ahadi. Unachohitaji ni karatasi, sahihi na mtu wa kufuatilia tarehe. Duka dogo la Kongowea lina udhuru wa kukosa ofisi ya wafanyakazi. Kampuni yenye mhasibu na wakili haina.

Na karatasi ndiyo inayoamua kesi. Mwajiri asiyeweza kutoa mkataba wa maandishi anabebeshwa na kifungu cha 10 mzigo wa kukanusha masharti anayodai mfanyakazi. Kwa hivyo yule aliyekwepa kuandika ili asifungwe na mkataba ndiye anayefika mahakamani mikono mitupu, huku mlalamishi ana jumbe za simu na stakabadhi za M-Pesa za kila wiki.

Tuseme pia kwamba kuna vibarua wasiotaka kuandikwa. Fedha ya jioni inanunua unga wa jioni, na mwenye nyumba hausubiri mshahara wa mwisho wa mwezi. Mwajiri anayelitaja hilo hasemi uongo, ingawa hamwambii kibarua kwamba anaweza kuwa na mkataba na bado akalipwa kwa wiki.

Njia inayoshika kasi sasa ni malipo kwa kiasi cha kazi: kwa gunia, kwa tani, kwa kontena. Mwaka 2017, katika kesi ya wafanyakazi wa chumvi dhidi ya Krystalline Salt, Mahakama ya Rufaa ilisema kifungu cha 37 kinawagusa vibarua pekee; anayelipwa kwa kipande hageuki kuwa mwajiriwa wa mwezi. Kisheria mwajiri amepata pumzi. Naona uamuzi huo unasomwa kwa upana kupita kiasi. Mpakuzi anayekuja saa apendayo, akapakua gari moja na kuondoka, huyo ni wa kipande kweli. Anayetakiwa kuwa getini saa moja kamili kila siku, asiruhusiwe kutoka mpaka nyapara aseme, na kukatwa malipo akichelewa, analipwa kwa gunia kwenye vocha tu. Wakili mzuri wa chama ataanza na daftari la getini.