Maqam nitaieleza, fumbo sitalifumbua

Mwaka wa 9 huu nipo Berlin, na kila utungo wangu ukitaka kupigwa, wenye ukumbi huniomba kwanza niuandikie maelezo: maneno 150, yachapwe kwenye kijitabu anachopewa kila anayeingia. Watu hukisoma kwa kituo, taa bado zinawaka, ukumbi kimya.

Kwetu Unguja taarabu hufunguliwa kwa bashraf, muziki wa ala tupu usioimbwa, na hakuna anayeambiwa bashraf ni nini. Wimbo ukikolea, mama mmoja huinuka na noti yake mkononi, akaenda kwa madaha mpaka kwa mwimbaji kumtunza, na waliokaa wameshajua ujumbe umemfikia nani.

Kueleza maqam, yaani mpangilio wa sauti ambao wimbo hujengwa juu yake, nakupenda, sitaki kuficha. Niliwahi kuandika juu ya Sika, mojawapo ya maqam hizo: kwamba ganuni, ala ya nyuzi inayolazwa mapajani, ina nyuzi tatu kwa kila sauti, na pembeni vijichuma vidogo ambavyo mpigaji huvinyanyua na kuvilaza kwa mkono wa kushoto, apate ile robo ya sauti ambayo piano haina. Onyesho lilipokwisha bibi mmoja alinijia, kidole kiko kwenye mstari huohuo, akataka kuona. Nikanyanyua kijichuma, nikagusa uzi, nikakilaza, nikagusa tena. Akafumba macho.

Lakini mhariri wa kijitabu alitaka pia niseme beti zangu zinamsema nani. Nilikataa, na nitakataa tena. Mtunzi akishataja, amemvunjia heshima mtajwa, na kila msikilizaji mwengine aliyekuja na lake moyoni amenyang'anywa wimbo.

Kitu cha huku ninachokitamani kwetu ni jina. Nadi Ikhwan Safaa, kikundi chetu cha taarabu Unguja, ipo tangu 1905, lakini ukienda harusini ukasikia wimbo wa zamani, ukauliza nani katia muziki, utajibiwa "wa wazee hao." Mwimbaji anajulikana, mshairi pengine, aliyetia muziki ndiye anayepotea, na jambo hili linaniuma. Karatasi moja tu ingetosha, igawiwe mlangoni: wimbo, mshairi, aliyetia muziki, maqam.

Likizo iliyopita nilianza na maalim wangu wa ganuni, barazani kwake, mtaa wa Malindi, Unguja. Namsomea jina la wimbo, ananitajia maqam, naandika. Tulikwenda hivyo nyimbo 17. Ya 18 akanyamaza, akatazama njiani.

"Hiyo andika Hijaz, mwanangu," akasema. "Mengine waachie."