Geuza Nguo Uone Nyuma

Diwali ikikaribia, wauza nguo za Kihindi huanza wimbo mmoja: hii ni kazi ya mkono, ukinunua unamsaidia fundi. Wimbo huo unafika hadi Mombasa na Dar es Salaam, ambako lehenga, sketi ndefu pana ya Kihindi, siku hizi huvaliwa hata na bibi harusi wa Kiswahili usiku wa hina. Wapo wanaoubeza. Kwao, "mkono" ni jina la kupandishia bei, na mashine ndiyo iliyomwezesha mama wa kipato cha chini kuvaa nguo mpya sikukuu. Mimi naona pande zote mbili zinagombania sindano na kumsahau aliyeishika.

Hoja nzito ya wapenzi wa mkono iko Kutch, jimboni Gujarat huko India, kwenye kitambaa cha ajrakh. Kwanza kinalowekwa magadi, mafuta ya mbarika na samadi ya ngamia, kisha kinapitishwa kwenye maji ya tunda liitwalo harda, ndipo kipigwe mihuri ya mbao. Weusi wake unatokana na vyuma chakavu vilivyochachushwa siku nyingi kwa sukari guru, halafu ukaongezwa unga wa kokwa za ukwaju ili uwe mzito wa kushika muhuri. Baadaye huja nili, kisha wekundu. Ajrakh bora hupigwa pande zote mbili, ua la nyuma likikaa sawasawa mgongoni mwa ua la mbele. Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa, na ukiiona mkononi huulizi tena kwa nini ni ghali.

Lakini kilichonivutia mimi si uzuri wake tu. Tetemeko la Januari 26, 2001 lilipoivunja Kutch, maji ya kijiji cha Dhamadka, ambayo tangu zamani yalikuwa yakipungua, yalizidi madini ya chuma. Chuma kikikutana na harda huleta weusi usiotakiwa. Mpiga chapa hana tena udhibiti wa rangi zake. Familia kadhaa za akina Khatri, jamii ya wapiga chapa hao, zikahamia karibu na mji wa Bhuj na kujenga kijiji kipya, Ajrakhpur. Walihama kama wenye mali, si kama vibarua. Karakana ni zao, mapipa ya nili ni yao, na mnunuzi anawajua kwa majina. Mmoja wao, Ismail Khatri, alitunukiwa udaktari wa heshima na chuo kikuu cha De Montfort, Leicester. Ukinunua ajrakh ya watu hawa, ule wimbo wa dukani ni kweli tupu.

Sasa twende mji wa Lucknow, kaskazini mwa India, kwenye chikan, ule udarizi wa uzi mweupe juu ya kitambaa chepesi unaopendwa sana Idi na harusini. Ufundi wake hauna wa kuushusha. Kuna mshono wa bakhia unaofanywa upande wa nyuma, mbele ukaonekana kama kivuli cha ua. Kuna jali, ambapo sindano husukuma nyuzi kando mpaka vikatokea vitundu kama vya wavu, bila uzi hata mmoja kukatwa. Fuata safari ya kurta moja, ile shati ndefu ya Kihindi, hata hivyo. Mchoro unapigwa kwa muhuri wa rangi ya buluu inayofulika. Dalali anazibeba nguo hadi vijijini. Mwanamke anadarizi nyumbani kwake, katikati ya jiko na watoto, analipwa kwa kipande. Nguo inarudi mjini, dobi anaifua mpaka buluu iishe, na duka linaibandika bei ambayo yule mwanamke haijui. Hati ya alama ya kijiografia ya mwaka 2008 ililinda jina la chikan ya Lucknow lisibandikwe kazi ya kwingine. Ujira wa mdarizi haukuwemo katika hati hiyo. Huyu naye ni "fundi" wa wimbo ule ule.

Najua jibu la wenye maduka: kazi hii inamfikia mwanamke asiyeruhusiwa kutoka kwenda kiwandani, na bila dalali asingepata hata hicho. Silipuuzi, maana kwa nyumba nyingi hiyo ndiyo pesa pekee iliyo mkononi mwa mama. Ila SEWA Lucknow, jumuiya ya wanawake iliyoanza mwaka 1984 kwa kuwaunganisha wadarizi hao, imeonyesha kuwa dalali si sharti la Mungu.

Kuhusu mashine, nitasema jambo litakalowaudhi marafiki zangu wa mkono. Sanganer, pembeni mwa Jaipur, maua madogo juu ya kitambaa cheupe hupigwa kwa mihuri tangu enzi za wafalme. Leo sehemu kubwa ya kazi hupitia fremu ya wavu: rangi inasukumwa mara moja, meza nzima imekwisha. Wanaosukuma nao ni mafundi wanaotafuta riziki. Na sisi wa pwani tusijifanye wasafi. Kisutu, kanga ya bibi harusi yenye wekundu, weusi na weupe, ina undugu na vitambaa vya Gujarat, na imechapwa kwa mashine kwa vizazi. Nani amewahi kuiita bandia?

Tatizo la fremu linaanza pale nguo yake inapouzwa kwa jina na bei ya muhuri. Anayevaa kofia za viua anaujua wizi huo: kofia ya mashine inafuliwa, inapigwa pasi, inawekwa katikati ya zile za mkono, na mgeni analipa.

Kwa hiyo dukani nina mazoea mawili. La kwanza, nageuza nguo. Udarizi wa mkono una mafundo na nyuzi zinazoruka hovyo kwa nyuma. Chapa ya muhuri huteleza kidogo pale mihuri miwili inapopakana. La pili ni swali: nani aliyeitia rangi au kuidarizi, na alilipwaje? Mwaka jana muuzaji mmoja alinionyesha nyuma ya kurta kwa fahari, mafundo yote yapo. Nilipouliza hilo la pili alicheka. "Kaka, hiyo hata aliyeniuzia mimi hajui." Nilimshukuru kwa kusema kweli, nikachukua ile ya mashine iliyoning'inia pembeni, kwa bei yake ya mashine.