Mponda mali si mbadhirifu

Jumamosi iliyopita, katika kikao chetu kidogo cha wasomaji wa mashairi, kijana mmoja alitusomea tafsiri yake ya soneti (shairi la mistari 14) ya 9 ya Shakespeare, na alipofika mstari wa tisa akatamka kwa kujiamini kabisa neno "mbadhirifu". Mama aliyeketi kando yangu akaninong'oneza: "Huyu naye CAG kamkagua lini?", akimaanisha mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali. Nilicheka, kisha nikakasirika. Sikumkasirikia kijana, ambaye mistari yake mingine ilikuwa safi. Nilikasirikia kamusi zetu, ambazo kila Mwingereza akimwaga fedha, kwa sababu yoyote na katika karne yoyote, humwita jina hilo hilo moja na kwenda zake.

Neno la Shakespeare pale ni "unthrift", neno la kale ambalo Waingereza wa leo hawalitumii tena. Mbadhirifu wetu wa sasa ni mtu wa taarifa ya habari: ana ofisi, ana mhuri, na fedha anazozila ni za umma. Ukilisikia jina lake unaona mradi wa maji usiotoa maji. "Unthrift" hana hata dawati. Ni kijana aliyerithi shamba la babake akalinywa, na kosa lake, kubwa kadiri ulipendavyo, ni kwamba ameshindwa kukaa na kilicho chake.

Tena tazama shina lake. "Thrift", ambayo leo tunaifasiri kuwa uwekaji akiba au ubanaji wa matumizi, imetoka katika kitenzi chenye maana ya kustawi, na katika Kiingereza cha Shakespeare ilikuwa bado inanukia ustawi huo: ilikuwa faida, neema, mali iliyoota na kukua. Kwa hiyo "unthrift" ni mtu ambaye mali haistawi mikononi mwake, kama wale ambao hata mchicha wakiupanda hukauka.

Anayetaka ushahidi na aifungue ile tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi (wafanyabiashara wa Shakespeare wakageuka mabepari kwa kalamu moja, maana Mwalimu alijua kwamba mfasiri huchagua upande). Katika tendo la kwanza Shylock, mkopeshaji fedha, analalamika kwamba Antonio, mfanyabiashara, anaitukana "thrift" yake, aliyoichuma kwa haki, kwa kuiita riba. Na baada ya kusimulia habari za Yakobo na kondoo wa Labani, anasema kwamba "thrift" ni baraka, mradi watu wasiiibe. Kisha binti yake Jessica anatoroka na Lorenzo, akibeba dhahabu na vito vya baba. Habari zinamfikia mzee kwamba huko Genoa binti ametumia dukati 80 kwa usiku mmoja, na kwamba pete ya feruzi, ambayo mkewe Leah alimpa Shylock alipokuwa kapera, imebadilishwa kwa tumbili. Na sasa, katika tendo la tano, usiku wa mbalamwezi, Lorenzo anamtania mpenzi wake kwamba katika usiku kama huu Jessica alimwibia baba tajiri akakimbia Venice kwa "unthrift love", yaani pendo la kuponda mali. Wizi umetajwa hapo hapo, kwa kitenzi chake chenyewe, "steal", ambacho kwa Kiingereza hubeba kuiba na kunyemelea kwa pamoja. Kama "unthrift" ingekuwa imeshambeba mwizi ndani yake, kitenzi hicho kingekuwa na kazi gani? Baba alisema ustawi ni baraka usipoibwa, binti akauiba, na mume anauita upenzi wao kinyume cha ustawi huku akitabasamu. Weka hapo "pendo la kibadhirifu" uone kama mbalamwezi itabaki.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kuna mahali ambapo kamusi inaweza kujitetea. Katika Richard II, tamthilia nyingine ya Shakespeare, Bolingbroke, binamu wa mfalme, anarudi kutoka uhamishoni akilia kwamba haki na milki zake zimenyakuliwa na kugawiwa "unthrifts" walioibuka jana. Hao ni vipenzi wa mfalme wanaotafuna kisicho chao, na hapo CAG angekuwa na kazi. Nakubali pia kwamba mbadhirifu ana heshima ya zamani kuliko magazeti, kwani Kurani, katika Sura ya 17, inawaita wabadhirifu ndugu wa mashetani, na haizungumzii maofisa wa manunuzi. Lakini neno huvaa nguo za watu wanaolitumia kila siku, na la kwetu limevaa suti. Sitaki hata kuanza habari ya "mwana mpotevu", ambaye Waingereza humwita kwa jina la ufujaji wake na sisi tukamwita kwa jina la kupotea kwake, ingawa Luka 15:13 ya Kiswahili inasema waziwazi kwamba alitapanya mali.

Turudi kwenye soneti. Shairi lile linamsihi kijana mzuri asife bila kuacha mtoto, na hoja ya mstari wa tisa ni ya ajabu: anachokitumia "unthrift" hubadili mahali tu, kwa maana dunia bado inakifaidi, ilhali uzuri ukipotezwa ndio umekwisha. Shakespeare anamtetea! Fedha ya mlevi imo mfukoni mwa mwenye kilabu. Nani amwambie hayo mwanakijiji anayesubiri zahanati, kwamba fedha yake imebadili mahali tu?

Na neno tunalo. Wazee walisema "ponda mali, kufa kwaja", na hapa tuna shairi linalotaja uponda mali na kifo katika pumzi moja. Nilimwandikia kijana nikampendekezea "mponda mali". Akanijibu kwamba ataharibu mizani. Nimehesabu: m-ba-dhi-ri-fu ni tano, m-po-nda-ma-li ni tano, na neno lenyewe liko katikati ya kipande, halibebi kina. Hajanijibu tena.