Waliokwenda Vitani Wakiwa na Njia ya Kurudi

Hadithi ya vijana wa Kimarekani waliovuka Atlantiki kuendesha magari ya wagonjwa katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha wakageuka waandishi wakubwa, imesimuliwa mpaka imekuwa kama ngano. Ernest Hemingway, John Dos Passos, E. E. Cummings. Nawapenda waandishi hawa na nitaendelea kuwasoma. Kinachonikera ni desturi ya kuwafanya mashahidi wakuu wa vita ile bila kuuliza waliingia kwa mlango gani.

Mlango wenyewe ulikuwa wa watu wenye nafasi. American Field Service, iliyoanzishwa mwaka 1915 na A. Piatt Andrew, mtu aliyewahi kufundisha uchumi Harvard, ilijaza magari yake vijana wa Harvard, Yale na Princeton. Kijana alijilipia nauli ya meli na sare, akasaini mkataba wa miezi sita, akakabidhiwa usukani wa Ford chini ya jeshi la Ufaransa. Marekani yenyewe haikuingia vitani hadi Aprili 1917. Kwa hiyo dereva aliyebeba majeruhi Verdun, kwenye mapigano makali ya Ufaransa, aliweza kumaliza miezi yake na kurudi darasani. Mkulima wa Kifaransa aliyelala nyuma ya gari lile, akipona, alirudishwa mahandakini.

Sisemi hawakuwa majasiri. Barabara za Verdun zilipigwa mizinga, safari za usiku zilifanywa bila taa, na wapo waliokufa. Watu waliishi kwa sababu yao, na kwa hilo nawavulia kofia. Lakini kuwa na siku ya kuondoka hubadilisha macho ya mtu, na macho hayo ndiyo yaliyoandika vitabu.

Tumtazame Hemingway, kwa kuwa ndiye anayetajwa kuliko wote. Alifika Italia na Msalaba Mwekundu wa Marekani mwezi Juni 1918, hajatimiza miaka 19. Aliendesha gari la wagonjwa kwa wiki chache tu kutoka Schio, kisha akaomba kusogea karibu na mapigano. Usiku wa Julai 8, huko Fossalta di Piave, alikuwa akiwagawia askari chokoleti na sigara kombora lilipoanguka. Alijeruhiwa vibaya miguuni, akapata nishani ya Italia, na maisha yake yote yakasimuliwa kuanzia usiku ule. Askari wa Kiitalia aliyesimama kati yake na kombora alikufa. Mwili wa mtu huyo ndio ulioikinga hadithi nzima, na ilichukua hadi mwaka 2019 kwa watafiti kutangaza jina wanaloamini ni lake: Fedele Temperini, mtu wa Montalcino. Wasifu wa Hemingway ulikuwa umeshaandikwa mara nyingi sana kufikia hapo.

Ndiyo, riwaya yake ya 1929, A Farewell to Arms, kuhusu luteni Mmarekani katika jeshi la Italia ni kazi kubwa. Kurasa za kurudi nyuma kwa jeshi la Italia baada ya kushindwa Caporetto zinatisha. Lakini Caporetto ilianguka Oktoba 1917, na wakati huo Hemingway alikuwa mwandishi wa habari Kansas City. Aliyaandika kwa kusoma, kusikiliza na kipaji, na kwangu hilo linamwongezea sifa. Waliompunguzia ni wale wanaomuuza kama mtu aliyeandika tu kile alichokiona.

Mimi moyo wangu uko kwa Cummings. Yeye alijiunga na Norton-Harjes, kikosi kingine cha magari ya wagonjwa, mwaka 1917 pamoja na rafiki yake William Slater Brown. Barua za Brown ziliwatia shaka wakaguzi wa barua wa Kifaransa, wote wawili wakakamatwa mwezi Septemba. Cummings aliulizwa kama anawachukia Wajerumani. Jibu la ndiyo lingemwachia huru. Akasema anawapenda sana Wafaransa, akagoma kwenda mbali zaidi ya hapo. Wakamfungia La Ferté-Macé, Normandy, chumba kimoja na Wabelgiji, Waholanzi, Wapolandi, Warusi, watu waliookotwa kwa tuhuma na wengi wasiojua kosa lao. Baba yake, mchungaji huko Massachusetts, alimwandikia hadi Rais Wilson, na mwezi Desemba mwana akatoka.

Hata yeye, basi, alikuwa na njia ya kurudi. Tofauti ni kwamba alijua, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1922, The Enormous Room, amewaachia nafasi wale waliobaki: mmoja baada ya mwingine, na sura zao, ulaghai wao, vicheko vyao. Mashujaa wa kitabu chake ni wafungwa ambao hakuna rais aliyeandikiwa barua kwa ajili yao. Sijui kitabu kingine cha vita ile chenye ukarimu wa namna hiyo kwa watu wasio na mtetezi.

Miaka iliyofuata vita, waandishi hawa walipoishi Paris, nayo ilikuwa na hesabu zake. Kabla ya vita dola moja ilikuwa faranga tano na kidogo; mwaka 1926 ilivuka 40. Mmarekani mwenye dola chache aliishi vizuri na kuandika kutwa nzima mkahawani. Mjane wa Kifaransa aliyetegemea pensheni alikiona kila kitu kikipanda.

Na mwaka huohuo wa 1926, katika jiji hilohilo, kilichapishwa Force-Bonté, kitabu cha Bakary Diallo, mchunga mifugo wa Kifulani kutoka Senegal aliyepigana upande wa Ufaransa na kuvunjwa taya kwa risasi mwaka 1914. Kinaisifu Ufaransa kupita kiasi, hadi wasomaji wengi wa Kiafrika wamekikasirikia. Bado ni sauti ya mtu aliyepigana vita vile kama askari, akabaki na jeraha lake usoni. Anayeanza kusoma fasihi ya vita ile leo, ningemwomba aanze na Cummings, amfuatishe Diallo, kisha ndipo amfungue Hemingway.